Uhifadhi wa mazingira Ukambani: Kwa nini utafiti hauna budi kuanza na wakazi

MTAALAMU wa udongo anaweza kupima kina cha korongo, na mhandisi akakadiria mchanga unaosombwa na mto wa msimu. Hata hivyo, hakuna kipimo kinachoweza kueleza kwa nini mkulima mmoja wa Makueni amechimba matuta shambani mwake ilhali jirani yake hajafanya hivyo. Swali hilo hujibiwa kwa mbinu za sayansi ya jamii, nazo ni hojaji, mahojiano, mijadala ya vikundi, masimulizi ya wazee na uchunguzi wa kumbukumbu.

Historia ya Ukambani inadhihirisha hasara ya kupuuza mbinu hizo. Mwaka 1937, afisa wa serikali ya kikoloni, Colin Maher, alionya kwamba ardhi ya Machakos, wilaya iliyojumuisha Makueni ya leo, ilikuwa ikielekea kuwa jangwa. Ni kweli kwamba udongo ulikuwa umechakaa. Lakini serikali ilipoamua mwaka 1938 kupunguza mifugo kwa lazima, haikuzingatia kwamba ng’ombe kwa Mkamba alikuwa akiba ya mwaka wa njaa na pia mahari. Wakamba waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Kiongozi huyo alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini upunguzaji huo wa lazima uliachwa.

Zaidi ya nusu karne baadaye, watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walirejea katika wilaya hiyo. Kitabu chao cha mwaka 1994 kilichunguza mabadiliko ya kati ya 1930 na 1990, kipindi ambacho idadi ya watu ilipanda kutoka takriban 240,000 hadi karibu milioni 1.4. Walilinganisha picha zilizopigwa kutoka angani, kumbukumbu za serikali na masimulizi ya wakulima wenyewe. Walibaini kuwa mmomonyoko ulikuwa umepungua, na matuta yalikuwa yameenea mno.

Picha zilionyesha matuta tu. Ni wakazi walioeleza sababu zake. Wakulima walipendelea matuta ya aina ya ‘fanya juu’, ambapo udongo wa mtaro hurushwa upande wa juu wa mteremko, kwa kuwa yalihifadhi maji na kuongeza mavuno waliyoweza kuuza. Kazi ilifanywa na familia na vikundi vya mwethya, aghalabu vya wanawake. Soko, pesa zilizotumwa nyumbani na wenye ajira mijini, pamoja na uhakika wa kumiliki shamba, vilichangia pakubwa.

Pamoja na hayo, jibu hutegemea ni nani aliyeulizwa. Mtafiti John Murton, aliyefanya kazi Mbooni katika miaka ya 1990, alitazama tofauti baina ya familia badala ya wastani wa wilaya nzima. Alibaini kuwa wenye mapato ya nje ya shamba waliweza kuimarisha ardhi yao, huku maskini wakizidi kubaki nyuma. Wastani mzuri unaweza kuficha nyumba yenye njaa.

Somo hilo linahusu pia mabwawa ya mchanga ya Kitui, ambayo shirika la SASOL na wakazi wameyajenga kwa mamia tangu miaka ya 1990. Ukuta hujengwa kukatiza mto wa msimu, mchanga hujaa nyuma yake, na maji huhifadhiwa ndani ya mchanga huo, mbali na jua. Mhandisi hutafuta mwamba wa kushikilia ukuta. Lakini ni lazima pia ijulikane nani atapita katika shamba la nani, nani atafanya ukarabati, na nani huuza mchanga kwa wajenzi. Mchanga ukichotwa, maji hupotea. Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, ila kijana anayepata riziki kwa kupakia lori ana sababu zake, na zinafaa kusikilizwa kabla ya kumwadhibu.

Mtafiti makini basi huchagua sampuli inayojumuisha wenye mashamba na wasio nayo. Huzungumza na wanawake peke yao, kwani mbele ya wazee wengi wao hunyamaza. Huzuru kijiji wakati wa kiangazi na wakati wa mvua, kwa kuwa majibu kuhusu maji hubadilika. Hulinganisha anayoambiwa na anayoyaona. Mwishowe huwarudishia wakazi matokeo ili wayasahihishe.

Kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali kuhimiza umma kushiriki katika kutunza mazingira. Mkutano wa siku moja chini ya mti, ambapo chifu huzungumza na wananchi wakapiga makofi, hautimizi wajibu huo. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake; anayekilalia ndiye wa kuulizwa kwanza.