Kwezi wa ngitili na rangi isiyochujuka

Historia ya Shinyanga na Geita huandikwa kwa vinavyochimbwa: dhahabu ya Geita, na almasi ya Mwadui iliyogunduliwa na mwanajiolojia John Williamson mwaka 1940. Lakini juu ya migunga ya ukanda huohuo hutua ndege mwenye hazina nyingine: kwezi.

Okota unyoya wake uliodondoka, ugeuzegeuze juani. Buluu inateleza kuelekea kijani, kisha zambarau. Usage, buluu yote itatoweka, ubaki unga mweusi. Ndani mna melanini, ileile inayotia weusi nywele zetu, iliyopangwa kwa tabaka nyembamba mno. Mwanga ukizigonga, baadhi ya mawimbi huimarishana na mengine hufutana. Jicho hupokea buluu.

Siri hiyo ilichukua karne kadhaa kufumbuliwa. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichunguza unyoya wa tausi kwa hadubini, akaona kwamba ukilowa rangi zake hupotea. Mwaka 1704 Isaac Newton alizihusisha rangi hizo na wembamba wa tabaka. Tabaka zenyewe zilionekana karne ya 20, ilipokuja hadubini ya elektroni. Mwaka 2013 Rafael Maia, Dustin Rubenstein na Matthew Shawkey walichunguza jamii ya kwezi wa Afrika, wakakuta chembe za melanini za maumbo manne: za umbo la kijiti na bapa, zilizojaa na zenye uwazi ndani.

Maarifa ya manyoya yakaingia maabara. Mwaka 2017 watafiti, Shawkey akiwamo, walitengeneza chembe za melanini, wakazivika silika na kuzikusanya kuwa vidonge vidogo sana vyenye rangi mbalimbali. Faida yake ni kubwa: rangi za kawaida huchujuka juani molekuli zake zinapovunjika, lakini rangi hii itokanayo na umbo hudumu maadamu umbo ni zima.

Lakini nyumbani kwa kwezi hazina hiyo ilikuwa hatarini: Shinyanga ilikaribia kuwapoteza ndege wake. Miti ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o na kupisha mashamba, hadi ardhi ikabaki wazi. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na Wasukuma wakafufua ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yafae kiangazi. Miti ikarudi, na ndege pia.

Basi ngitili ihesabiwe kuwa mali ya elimu, si ya mifugo peke yake. Walimu wa fizikia wa Shinyanga na Geita wawapeleke wanafunzi huko: somo la mawimbi ya mwanga liko mtini, na halihitaji ada.