Familia moja ina picha zote, babake shosho hana hata moja

Wiki hii yote nimekuwa nikilala usiku wa manane juu ya picha moja. Si video, si ngoma mpya. Ni mchoro wa rangi za mafuta wa mwaka 1887, umechorwa na jamaa wa Denmark anaitwa Laurits Tuxen. Queen Victoria wa Uingereza alikuwa amemaliza miaka 50 akitawala, akataka familia yake yote kwa fremu moja. Amekaa hapo Windsor Castle na nguo zake nyeusi za ujane, na wamemzunguka watoto, wakwe na wajukuu, watu zaidi ya 50. Fikiria ile picha ya ruracio ambapo kila mtu analazimishwa kuingia, halafu ongeza almasi.

Niseme mapema: niliacha chuo mwaka wa pili, na hata sikuwa nasoma historia. Lakini kuangalia picha najua, hiyo ndiyo kazi yangu. Na hii, ukiikuza kwa vidole viwili, inaanza kukuogopesha.

Ndani yake kuna wajukuu wawili nataka uwashike. Wa kwanza ni Wilhelm, mjukuu mkubwa kabisa, ambaye mwaka uliofuata alikuwa Kaizari wa Ujerumani. Wa pili ni George, ambaye baadaye akawa King George V. Nyanya yao ni mmoja.

Wilhelm alizaliwa na mkono wa kushoto ulioharibika, mfupi kuliko wa kulia. Tafuta picha zake rasmi uone venye huo mkono unafichwa. Mara umeshika upanga, mara umeshika glavu, mara koti limeufunika. Tunadhani filta ilianza na simu zetu. Hawa watu walikuwa wanalipa wachoraji kwa kazi hiyo hiyo.

Sasa, mwaka mmoja tu kabla ya huo mchoro, mwisho wa 1886, Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimepiga mstari kwa ramani yetu, kutoka Pwani mpaka ziwa lililokuwa tayari limepewa jina la huyo nyanya. Mstari unapinda ukifika Kilimanjaro. Umesikia ile hadithi ati Victoria alimpa Wilhelm mlima kama zawadi ya bathdei? Wachana nayo. 1886 Wilhelm hakuwa hata Kaizari, na ule mpaka ulipangwa na maofisa mezani. Ila naelewa kwa nini watu wanaipenda hiyo stori. Inafanana kabisa na vile hiyo familia inaonekana kwa picha.

Halafu sura zao zikatufikia mfukoni. Upande wa Tanganyika, Wajerumani walitoa rupia yenye kichwa cha Wilhelm, amevaa helmeti yenye tai juu. Upande wetu tulikuwa tunatumia rupia ya India, na kuanzia enzi ya George ikawa na kichwa chake na taji. Pesa jina moja, rupia na rupia, mabinamu wawili, mmoja kila upande wa mlima. Huyo aliyekuwa akivuka mpaka kuuza mbuzi alikuwa anabadilisha binamu kwa binamu bila kujua.

1914 mabinamu wakakosana. Sababu za Ulaya nitawaachia waliomaliza chuo. Kinachonihusu ni kwamba vita vilikuja mpaka hapa, na hakukuwa na barabara za kubeba chakula na risasi kufuata majeshi huko porini, kwa hivyo vikabebwa na watu, kichwani. Waingereza wakaunda kikosi cha wabeba mizigo, Carrier Corps. 1917 watu wakachukuliwa kwa nguvu kijiji kwa kijiji. Hesabu ya serikali yenyewe ilisema waliokufa ni zaidi ya 40,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa, si risasi. Wengi wa waliokufa, mshahara wao haukuwahi kufika nyumbani.

Kambi yao Nairobi ilikuwa hapa. Carrier Corps, sema haraka haraka: Kariokor. Kutoka mlango wetu Ziwani mpaka hiyo soko ni dakika chache kwa mguu. Nimenunua mshipi hapo, nimekula choma hapo, miaka yote nikidhani Kariokor ni neno tu la mtaa.

Mwaka huo huo wa 1917, George akaona jina la familia, Saxe-Coburg-Gotha, linanuka Ujerumani sana. Akalibadilisha likawa Windsor, jina la ile ngome iliyo kwa mchoro. Rahisi hivyo, kama kubadilisha jina la akaunti. Na Wilhelm? Tarehe 10 Novemba 1918 alikuwa ameshatorokea Uholanzi, na akaishi huko mpaka 1941. Jeshi lake la huku lilisalimu amri tarehe 25 Novemba. Kwa wiki mbili kuna watu walikuwa bado na mizigo kichwani kwa ajili ya mtu aliyekuwa ameshaenda zake.

Babake shosho wangu alikuwa mmoja wa hao wabeba mizigo. Alirudi, ndiyo maana mimi niko. Nilimuuliza shosho kama kuna picha yake, hata moja, hata imeraruka. Hakuna. Baada ya vita serikali ilianza kuwapa wanaume Waafrika kipande, karatasi yenye alama za vidole, unaivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Serikali ilitaka kidole chake, sura yake haikuwa na kazi nayo. Shosho anakumbuka hicho kikopo. Mzee alipoachana na kipande, alikigeuza cha kuwekea ugoro.

Sisemi tuchome michoro yao. Victoria tayari alishapata yake: ile sanamu yake ya Jeevanjee Gardens, iliyozinduliwa na mwanawe Arthur mwaka 1906, iliangushwa 2015 na kichwa kikakatwa. Sikusikia raha yoyote. Kumkata Victoria kichwa hakunirudishii sura ninayotafuta.

Jumamosi nilitembea mpaka Kenyatta Avenue, kwa zile sanamu tatu za shaba za tangu miaka ya 1920. Mmoja wao ni mbeba mizigo. Maandishi yako kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, lakini jina la mbeba mizigo hakuna, hata moja. Nikapiga picha karibu 30, za uso tu, kila upande, walinzi wakiniangalia.

Nilipofika nyumbani nikampa shosho simu. Akavaa miwani, akaangalia muda mrefu, akakuza kwa vidole viwili vile nilimfundisha.

"Huyu ni mrefu sana," akasema. "Baba alikuwa mfupi. Na masikio yake yalitoka nje, kama yako."