Rotanev: Lisome Kinyume

Chukua hili neno: Rotanev. Lisome kuanzia mwisho kuja mwanzo. Unapata Venator. Sasa fanya hivyo na Sualocin: Nicolaus. Wasee, haya ni majina rasmi ya nyota mbili zinazong'aa zaidi katika kundinyota la Pomboo, na nyuma yake kuna jamaa mmoja tu. Msaidizi wa ofisi.

Anaitwa Niccolò Cacciatore, mtu wa kisiwa cha Sicilia. Cacciatore ni mwindaji kwa Kiitaliano, na mwindaji kwa Kilatini ni venator. Bosi wake alikuwa Giuseppe Piazzi, mkubwa wa kituo cha nyota cha Palermo, yule aliyegundua Ceres tarehe 1 Januari 1801 akavuma Ulaya nzima. Msaidizi alikuwa kwa darubini na mahesabu, kupima nyota moja moja, usiku baada ya usiku. Mwaka wa 1814 ikatoka orodha ya nyota zaidi ya 7,600. Kwa jalada, Piazzi. Ndani, pale kwa Pomboo, majina mawili mageni, hakuna maelezo.

Nyota nyingi zina majina ya Kiarabu, so ungedhani haya pia yametoka huko. Aliyekuja kufumbua fumbo ni kasisi Mwingereza, Thomas Webb, miaka mingi baadaye.

Nilipoacha chuo nilikuwa nahariri video za mtu fulani mwenye wafuasi wengi. Miezi minane, na jina langu halikuonekana hata kwa herufi za chini kabisa. So huyu Cacciatore namwelewa sana. Kuna wanaosema Piazzi mwenyewe ndiye alimtunuku. Sawa, lakini manze, zawadi gani inapewa mtu ikiwa imegeuzwa nyuma mbele? Angalau 1817 alipata kiti cha bosi.

Rotanev nayo ilikuwa na siri yake. Mwaka wa 1873, Sherburne Wesley Burnham wa Chicago aligundua kwamba ni nyota pacha. Huyu mchana alikuwa mwandishi wa mahakamani, anaandika maneno ya mawakili. Nyota alijifunza mwenyewe, kwa darubini yake ya inchi 6. Hiyo sehemu nimeisoma mara tatu.

Nyota zenyewe mbili ni moto kuliko Jua letu, zinazungukana kwa takriban miaka 27, na njia yao si duara, imevutwa kama yai. Kwa wastani zimeachana zaidi ya umbali wa Jua na Zohali, lakini ziko mbali nasi hivi kwamba nuru yake inachukua kama miaka 100 kutufikia. Kwa macho unaona nukta moja tu.

Majina yote mawili yalipitishwa rasmi 2016 na Umoja wa Kimataifa wa wanaastronomia.

Ukitaka kuiona, ngoja Septemba, saa tatu na nusu usiku hivi, stima zikipotea mtaani ni afadhali zaidi. Inua uso karibu na utosi, upande wa kaskazini. Tafuta Altair, inang'aa sana. Kando yake mashariki kuna almasi ndogo ya nyota nne zilizofifia, na mkia. Rotanev ni ile ya kona iliyo karibu na mkia.