Malungu ya Ufipa: viwanda vilivyokufa bila deni

Kwenye nyanda za juu za Ufipa, mkoani Rukwa, bado yamesimama malungu: matanuru ya udongo, mengine yakikaribia urefu wa mita tatu. Hayakuhitaji mivukuto. Hewa iliingia yenyewe kupitia matundu ya chini, na mawe ya chuma yakageuka mabonge. Mabonge hayo yalisafishwa upya katika kintengwe, tanuru dogo lililopulizwa kwa mivukuto, ndipo mhunzi akafua jembe.

Jembe hilo lilikuwa uti wa mgongo wa uchumi. Ndilo lililofukia nyasi ndani ya ntumba, matuta ya mviringo yanayorutubisha udongo wa Ufipa, na ndilo lililotolewa mahari. Nyuma yake walikuwapo wachimba mawe, wachoma mkaa, wajenzi wa matanuru na wahunzi.

Hakuna benki iliyowadai, lakini kazi ilikwisha. Kodi ya mkoloni ilidai fedha taslimu, wamisionari waliyaona matambiko ya tanuru kuwa upagani, na majembe ya viwanda vya Ulaya yakaingia sokoni kwa bei nafuu. Mwaka 1937, mwandishi aitwaye Greig alipochapisha maelezo ya uyeyushaji huo katika jarida la Tanganyika Notes and Records, ufundi wenyewe ulikuwa ukingoni.

Baada ya Uhuru, jembe lilirudi kutengenezwa nchini, safari hii na serikali. Kiwanda cha zana za kilimo cha UFI kilijengwa Ubungo, Dar es Salaam, kwa msaada wa China. Kusini-magharibi kikafuata Zana za Kilimo Mbeya, ZZK. Biashara ilipofunguliwa miaka ya 1980, bidhaa za nje zikajaa tena madukani, huku mashirika mengi ya umma yakielemewa na mikopo ya Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Mwaka 1991 ikatungwa sheria ya kuunda LART, chombo cha kukusanya madeni sugu ya mabenki, kisha ikaja PSRC, tume ya kurekebisha mashirika ya umma. Maelfu ya wafanyakazi nchini walipunguzwa, na wengine walidai mafao yao kwa miaka mingi.

Tumezoea kusema viwanda viliuawa na madeni. Malungu yanatukatalia: hayakudaiwa hata senti, yakafa kwa kupoteza soko. Kwa hiyo anayetaka kufufua kiwanda asiishie kufuta deni. Aulize kwanza nani atanunua jembe lake, na mafundi wanaojua kulifua wako wapi.