Orchard Gardens: shule iliyoondoa walinzi ikaajiri walimu wa sanaa

Orchard Gardens ni shule ya umma iliyoko Roxbury, jijini Boston, Marekani, kuanzia chekechea hadi darasa la 8. Ilifunguliwa mwaka 2003 ikiwa na ukumbi wa maigizo na chumba cha kuchezea ngoma, lakini utovu wa nidhamu ulizidi na ala za muziki zikafungiwa. Mwaka 2010 mkuu mpya, Andrew Bott, aliondoa walinzi, akatumia fedha hizo kuajiri walimu wa sanaa. Ufaulu ulipanda. Alibadilisha pia walimu wengi na kurefusha saa za masomo, kwa hiyo hatusemi ni sanaa peke yake. Tunachouliza ni hiki: fedha chache za shule zimlinde mtoto, au zimfundishe?