Januari ya Wageni

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndani ya maneno hayo machache mna kanuni nzima ya ukaribishaji. Siku mbili za mwanzo mgeni huulizwa hali, safari na jamaa aliowaacha. Siku ya tatu hupewa kazi, na aliyekwisha kupewa kazi haulizwi tena amefikia kwa nani. Watu wa mwambao, walioishi kwa kupokea na kuaga majahazi ya kaskazi na kusi, waliijua vyema tofauti baina ya mgeni anayengoja upepo ugeuke na mgeni aliyekwisha kushika mpini.

Lakini yuko mgeni ambaye methali haikumtaja. Huyu amelima miaka thelathini, amejenga, amezaa na amezika, na bado kila mwaka huulizwa analala wapi. Wageni wa namna hiyo walikuwepo kwa mamilioni katika Marekani ya karne ya 20, na swali waliloulizwa lilikuwa na mwezi wake maalumu, nao ni Januari.

Chanzo cha jambo hili ni mwaka 1940. Mwezi wa Juni Ufaransa ilianguka mikononi mwa Wajerumani, na Marekani, ingawa ilikuwa bado haijaingia vitani, ikajaa hofu ya adui aliyejificha miongoni mwa majirani. Mwezi huo huo Idara ya Uhamiaji ilitolewa Wizara ya Kazi ikapelekwa Wizara ya Sheria. Mgeni, ambaye jana alitazamwa kama mfanyakazi, leo akatazamwa kama mtu wa kuchunguzwa. Tarehe 28 Juni Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria ya kuwaandikisha wageni wote. Kila asiyekuwa raia, aliyetimiza umri wa miaka 14, alitakiwa ajiandikishe na achukuliwe alama za vidole.

Kazi hiyo ilifanyika katika posta, tangu 27 Agosti hadi 26 Desemba. Kuchaguliwa kwa posta badala ya kituo cha polisi kuliipunguzia ukali wake, kwani posta ni mahali ambapo mgeni alikuwa amekwisha kupazoea, ndipo alipopelekea barua za kwao. Aliulizwa jina, mahali alipozaliwa, namna alivyoingia nchini, kazi yake, urefu na uzito wake, vyama alivyojiunga navyo na, bila shaka, anuani yake. Watu wapatao milioni 5 walijiandikisha katika muda wa miezi minne. Kila mmoja alipewa namba yake, nayo ilianza kwa herufi A. Tangu hapo mkaazi aliyehama nyumba alipaswa kuiarifu serikali ndani ya siku 5.

Washairi nao hawakuwa mbali na mkono wa sheria hiyo. Claude McKay, mzaliwa wa Jamaica aliyefika Marekani mwaka 1912, na ambaye sauti yake ilikuwa miongoni mwa sauti za mwanzo za mwamko wa Harlem, alipata uraia mwaka huo huo wa 1940. Bertolt Brecht, mshairi na mwandishi wa tamthilia wa Kijerumani, hakuwa na bahati hiyo. Aliikimbia Ujerumani mwaka 1933, akaishi Denmark, kisha Sweden, kisha Finland, na mwaka 1941 akatia nanga California. Watawala wa Kinazi walikuwa wamekwisha kumvua uraia mwaka 1935, lakini vita vilipoifikia Marekani alihesabiwa kuwa ni raia wa taifa la adui. Kuanzia Machi 1942 watu wa kundi lake katika pwani ya magharibi walitakiwa wawe majumbani mwao tangu saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na wasitembee zaidi ya maili 5 kutoka wanapokaa bila ya ruhusa. Mtu aliyemkimbia Hitler aliamriwa ajifungie ndani kwa kuogopwa kuwa ni mtu wa Hitler. Hayo ndiyo madhara ya kumjua mtu kwa karatasi bila ya kumjua kwa habari zake.

Hata hivyo, si wote waliolikubali jambo hili kwa kimya. Jimbo la Pennsylvania lilikuwa limepitisha sheria yake mwaka 1939, ikimtaka mgeni ajiandikishe kila mwaka, alipe dola 1 na achukue kadi wakati wote. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na Januari 1941 majaji walio wengi waliamua kwamba sheria ya jimbo haiwezi kusimama mbele ya sheria ya taifa. Jaji Hugo Black, aliyeandika hukumu hiyo, alikumbusha kwamba kumwandama mtu kila mara kwa kumtaka ajieleze ni jambo lisilopatana na mapokeo ya uhuru. Wageni wa Pennsylvania wakapata nafuu.

Nafuu hiyo haikudumu. Vita viliisha mwaka 1945, lakini hofu ilibadilisha vazi tu. Mwaka 1950, katika kipindi cha kuwaogopa Wakomunisti, Bunge la Marekani liliamuru kila mgeni aarifu anuani yake mwanzoni mwa kila mwaka. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1952 ililithibitisha agizo hilo na kutoa muda wa siku 30 kuanzia tarehe mosi Januari. Aidha, yeyote aliyehama alipaswa kutoa habari ndani ya siku 10. Kuchukua kadi ya uandikishaji wakati wote, jambo ambalo sheria ya 1940 haikulidai, sasa likawa ni wajibu.

Hivyo ndivyo Januari ilivyokuwa mwezi wa wageni. Baada ya sikukuu za mwaka mpya mtu alikwenda posta, akachukua kadi, akaijaza na kuirudisha. Cherehani ya fundi nguo ilikuwa imesimama mahali pale pale kwa miaka ishirini, anuani ile ile, ngazi zile zile. Bado alipaswa kuandika tena kwamba hajahama. Kwa asiyejua, ni usumbufu wa dakika chache. Lakini adhabu iliyoandikwa katika sheria ilikuwa faini isiyozidi dola 200 au kifungo kisichozidi siku 30, na juu ya hayo aliyeshindwa kuarifu aliweza kufukuzwa nchini, ila athibitishe kwamba alikuwa na udhuru au hakukusudia. Kosa lenyewe halikuwa kutenda jambo, bali kunyamaza. Raia aliyesahau kuandika barua aliitwa msahaulifu. Mgeni aliyesahau aliweza kupoteza nyumba, kazi na jamaa.

Utaratibu huo uliendelea kwa takriban miaka thelathini. Mwishoni mwa Desemba 1981 sheria mpya iliifuta ripoti ya kila Januari. Mambo mawili, hata hivyo, yalibakishwa. La kwanza ni wajibu wa kuarifu kuhama ndani ya siku 10. La pili ni mamlaka ya serikali kuwataka watu wa nchi fulani fulani, kwa ilani ya siku 10, watoe anuani zao. Vifungu hivyo viwili vililala kama kaa chini ya majivu. Kizazi kipya cha wahamiaji kiliingia, wakiwemo Waafrika Mashariki walioshinda bahati nasibu ya viza iliyoanza mwaka 1995, na wengi wao walihama kutoka chumba hadi chumba bila ya kusikia habari za fomu yoyote.

Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 majivu yalipekuliwa. Mwaka 2002 serikali ilitangaza kwamba wajibu wa kuarifu anuani utatekelezwa kwa ukamilifu. Ndipo wageni walipomiminika kutuma fomu, na ndipo siri ya ofisi ilipofichuka. Ilibainika kwamba nyaraka zipatazo milioni 2, zikiwemo fomu za kuhama zipatazo 200,000, zilikuwa zimewekwa katika ghala la chini ya ardhi karibu na Kansas City, katika machimbo ya zamani, bila ya kushughulikiwa. Wageni walikuwa wamejibu. Aliyeuliza hakusoma majibu.

Mwaka huo huo ulianzishwa mpango maalumu wa kuwaandikisha wanaume wa nchi 25, takriban zote za Waislamu, waliokuwemo Marekani kwa viza za muda. Oman ilikuwemo katika orodha, na Somalia pia. Hivyo habari hizo zilifika hadi katika nyumba za Maskati ambamo Kiswahili ni lugha ya ukumbini. Sharti la kurudi kujiripoti kila mwaka lilisitishwa Desemba 2003, orodha ya nchi ikaondolewa mwaka 2011, na kanuni zenyewe zikafutwa Desemba 2016. Zaidi ya watu 13,000 walikuwa wamefunguliwa mashauri ya kufukuzwa, wengi wao baada ya kuitika wito kwa miguu yao wenyewe.

Wala kisa hakikuishia hapo. Januari 2025 amri ya rais iliagiza wajibu wa kujiandikisha utiliwe nguvu upya, na tangu 11 Aprili 2025 wasiokuwa na kumbukumbu za uandikishaji wametakiwa wajaze fomu mpya kwa njia ya intaneti. Sheria iliyotumika haikutungwa upya. Ni maandishi yale yale ya 1940 na 1952. Sheria isiyotumika haifi, hungoja hofu nyingine ije iiamshe.

Katika historia hii yote lipo jambo moja lisilobadilika. Ripoti ya anuani ilianzishwa kwa madai ya kumtafuta adui, lakini adui ndiye mtu wa mwisho kuandika kadi na kuitia posta. Aliyeijaza kwa uaminifu ni yule mwenye jembe mkononi, na kila alipoijaza alikumbushwa kwamba kukaa kwake ni kwa hisani.

Fomu za mwaka 1940 hadi 1944, zaidi ya milioni 5 na nusu, bado zimehifadhiwa katika filamu. Siku hizi wanaoziomba ni wajukuu. Huzisoma taratibu, wakitafuta mwandiko wa babu, jina la kijiji alichotoka na mtaa wa nyumba ambayo pengine imekwisha kubomolewa. Kadi zilizodaiwa kwa ukali na kuwekwa bila ya kusomwa zimepata wasomaji hatimaye, nao ni wale ambao hawana haja ya kumuuliza mzee huyo kama bado yupo pale pale.