Ndege za Vita na Alama Zake: Habari za Mwaka 1916 Katika Uwanda wa Kati

Mpwapwa ni mji wa zamani katika nchi ya Wagogo. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa ikipumzika hapo. Lakini Wajerumani walipojenga reli ya kati haikupita mjini humo, ilipita Gulwe, karibu yake. Mwezi wa Agosti, 1916, askari wa Jenerali van Deventer, waliokwisha kuitwaa Kondoa na Dodoma, waliingia Mpwapwa wakielekea mashariki. Jeshi la Waingereza katika vita ile lilikuwa na chombo ambacho wenyeji wa bara walikuwa hawajakizoea, nacho ni eropleni.

Eropleni hizo zilikuwa za Kikosi cha 26 cha Royal Flying Corps. Kikosi hicho kiliundwa Uingereza mwezi wa Oktoba, 1915, kwa watu wa Afrika Kusini waliokwisha kupigana na Wajerumani katika Afrika ya Kusini-Magharibi, kikashuka Mombasa mwishoni mwa Januari, 1916. Ndege zake zilikuwa za namna mbili, B.E.2c na Henri Farman. Kazi zake zilikuwa kupeleleza na kutupa mabomu. Walakini mara nyingi marubani hawakuona kitu, maana pori liliwaficha askari na wapagazi pia.

Habari ya alama yataka maelezo zaidi. Vita ilipoanza mwaka 1914, Waingereza walichora bendera yao mabawani. Kwa mbali msalaba mwekundu wa bendera ile ulidhaniwa kuwa ni msalaba mweusi wa Wajerumani, hata askari waliokuwa chini wakawapiga risasi wenzao. Ndipo walipoiga duara za Wafaransa, wakageuza mpango wa rangi. Kwa Wafaransa buluu iko katikati na nyekundu nje. Kwa Waingereza nyekundu katikati na buluu nje. Nyeupe hukaa kati kwa wote wawili. Basi asili ya alama hiyo si fahari bali ni hofu ya kuuawa na rafiki. Na katika Afrika Mashariki ya Kijerumani hofu hiyo yenyewe haikuwa na msingi mkubwa: Wajerumani walikuwa na eropleni moja tu, iliyoletwa Dar es Salaam mwaka 1914 kwa ajili ya maonyesho, nayo haikudumu.

Nembo ya kikosi hicho ni habari nyingine. Ni kichwa cha swala wa Afrika Kusini, na maneno yake ni ya Kiafrikaans, maana yake "mlinzi angani". Swala wa namna hiyo haonekani Ugogo wala popote katika Tanganyika. Kiswahili, kilichokuwa lugha ya amri kwa askari wengi na lugha ya wapagazi wa pande zote mbili, hakikupata hata neno moja katika nembo hiyo.

Lakini lugha ilijiwekea kumbukumbu yake. Wapagazi wale, ambao maelfu yao walikufa kwa njaa na maradhi, wameacha jina la Kariakoo, litokanalo na jina la Kiingereza la kikosi chao. Eropleni nayo ilipewa jina la kiumbe, ndege, likatengwa kwa sarufi tu: ndege wa mtini *ameruka*, ndege ya vita *imeruka*. Rubani, aliyekuwa mwongozi wa chombo baharini, akapandishwa angani bila kubadilishwa jina. Hata jeshi lenyewe halikuitwa namna moja. Wakenya, walioanzisha lao mwaka 1964, husema wanahewa, yaani watu. Watanzania husema jeshi la anga, yaani mahali. Na anga, kabla ya kuwa mahali pa kulindwa, lilikuwa pia neno la mwanga.